Breki Hulala Imefungwa

Fundi wa baiskeli wa mtaa wa Jabe hana haraka na mtu. Breki za mafuta anazitoa hewa kwa bomba la sindano la duka la dawa: analichomeka chini, penye gurudumu, kisha anasukuma mafuta yapande taratibu hadi kwenye mkono wa breki, huku akiugongagonga mrija kwa mpini wa kijiko. Vidole vyake ni vinene, ila sindano anaishika kama nesi. Akimaliza, hakupi baiskeli. Anaiegemeza ukutani, gurudumu la mbele likiwa juu, anaubana mkono wa breki na kuufunga kwa kipande cha mpira, halafu anakwambia urudi kesho.

Juzi Arnaud, mwanafunzi wa mtaa wa Mutanga Sud, alitaka kuondoka na yake papo hapo, baiskeli kuukuu ya milimani, akashuke nayo mteremko wa Bugarama. Aliibana breki mara tatu.

“Iko nguvu, fundi. Mi naenda nayo.”

“Apana,” alisema fundi bila kuinua macho, akiendelea kufunga mpira. “Iko nguvu ya leo.”

Arnaud aliporudi kesho yake asubuhi, fundi alimsogeza karibu, akautoa ule mpira, akafungua kifuniko kidogo juu ya mkono wa breki, akaugusagusa kwa kidole kimoja. Kipovu cha hewa kama punje ya ulezi kikapanda kwenye mafuta, kikapasuka. Fundi akarudisha kifuniko, akafuta mikono.

“Hewa ile ndiyo ulitaka kushuka nayo.”