Matairi ya Njia ya Lemera

Kuna mlio ambao mpaka leo ukinipitia masikioni nakunja uso. Ni mlio wa tairi la matope, lile lenye meno manene kama vidole gumba, linapokimbizwa juu ya lami. Linanguruma, na mngurumo wake unapenya sakafu ya gari, unapanda kwenye kiti, unakukaa kinywani mpaka unahisi magego yanacheza. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu niliusikiliza mlio huo karibu mwezi mzima wa mvua, kutoka pale lami inapoanzia hadi Mbarara, kwenda na kurudi, na kila mara nilimtazama baba yangu kwenye usukani nikajiuliza: mtu mwenye akili zake timamu aliwezaje kusimama mbele ya duka zima la matairi akachagua haya? Nasema hivi kwa heshima zote. Baba yangu nampenda. Lakini yako mambo ambayo hata mapenzi hayayamezi.

Tulikuwa tunaishi Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, upande wa Rubondo, watu wa Kivu Kusini, Kongo, kama majirani zetu wengi. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya rangi ya buluu iliyopauka, mlango wa abiria unafungwa kwa kamba, kioo kimoja hakishuki na kingine hakipandi. Kila asubuhi ilipakia nyanya za wakulima wa kambini ikazipeleka sokoni Mbarara, na jioni ikarudi na sabuni, chumvi na misumari ya wenye maduka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kila siku, njia ileile: vumbi la murram, ile changarawe nyekundu, mpaka upande wa Isingiro, halafu lami mpaka mjini. Matope yapo, sikatai, mvua ikinyesha kuna sehemu mbili tatu za kuteleza, lakini si njia ya kumtisha dereva. Matairi yake ya zamani yalikuwa vipara vitupu. Wiki haikupita bila pancha, na kila pancha ilikuwa na mkutano wake, maana gari hilo lilikuwa limebeba wagonjwa na maharusi wa mtaa mzima, kwa hiyo kila mtu alijiona ana neno la kusema. Mzee wa kanisa alisema tairi la Kijapani. Fundi baiskeli alisema tairi lolote, mradi liwe zito. Mama alisema chochote kitakachofika Ruharo.

Alikuwa na sababu. Mwaka huo alizaliwa mdogo wangu Furaha, mguu wake wa kushoto umepindia ndani, wayo unatazama mguu wa pili. Hospitalini Ruharo, palepale Mbarara, walikubali kuunyoosha bila kisu: kila Alhamisi wanauvuta kidogo, wanaufunga plasta mpya, wiki inayofuata wanavuta tena. Muuguzi alimwambia mama maneno machache akayarudia mara tatu, kwamba wiki isirukwe hata moja, kwa sababu mguu wa mtoto una ukaidi, ukiuachia unarudi ulikotoka. Mama aliyashika maneno hayo kama Amri Kumi. Siku ya Jumatano alikuwa analala mapema, na asubuhi ya Alhamisi saa kumi na moja tayari amekaa mbele ya gari, Furaha mgongoni, anamsubiri baba amalize kujaza upepo.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja kuhusu watu wetu, la sivyo mtadhani baba alikuwa mjinga tu. Sisi tulikuwa tunaishi kambini kama watu walioketi ukingoni mwa kiti. Nyumba haikupigwa lipu, kwa sababu tuko njiani. Mlango ulikuwa wa bati, kwa sababu wa mbao ungebebwa vipi siku ya kuondoka? Baba alikataa kupanda migomba, katika nchi ambayo ukitema mate mgomba unaota, akasema ndizi ni za mtu mwenye kwake. Alikuwa analima maharage tu, maana maharage yanakomaa upesi na hayamfungi mtu. Ukimuuliza tunaondoka lini, anakuambia habari zinasema hali inatulia. Habari hizo zilikuwa na umri sawa na wa nyumba yenyewe.

Basi Alhamisi moja, baada ya plasta ya nne, tukapitia duka la matairi mjini. Mwenye duka aliitwa Haji Sulaiti, mtu mpole mwenye kofia nyeupe, na mikono myeusi mpaka viwikoni. Alizunguka pikapu mara moja, akapiga tairi teke, akatikisa kichwa. Akatuletea matairi ya lami, yenye mistari ya kawaida, akaeleza taratibu kwa Kiswahili chake cha biashara kwamba hayo hayali mafuta, yanashika barabara ikilowa, na kwenye murram ya Nakivale hayana shida. Akatuonyesha hata ile namba ya ubavuni inayosema tairi limezaliwa lini, ili tusije tukauziwa kikongwe siku nyingine. Mimi nilikuwa mtoto na nilielewa. Furaha aliyekuwa ananyonya nadhani naye alielewa.

Baba hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameyaona yale mengine, yamerundikwa pembeni, matairi ya matope. Akayasogelea, akapitisha vidole katikati ya meno, akaingiza kidole chote cha shahada mpaka kikazama. Uso wake ukabadilika. Zamani, kabla ya vita kutufukuza, alikuwa shofere wa lori, anapandisha mizigo kule kwetu kutoka Uvira kwenda Lemera, njia ya udongo mwekundu ambayo mvua ikipiga lori linaweza kukaa siku tatu. Haji akamwambia, "Mzee, hii si ya hapa. Hapa iko lami." Mama naye akasogea, akaongea polepole kama anavyoongea akiwa amekasirika kweli, akasema, "Baba Riziki, njia ya kila siku ni hii ya Ruharo. Mutoto atapita wapi?"

"Hizi ni za siku ya kurudia kwetu," baba akasema. "Matope ya kule uliisha kuyasahau?"

Mkataa kwao ni mtumwa, walisema wahenga, na baba alikuwa anatuangalia kana kwamba sisi sote pale, mama, mimi na Haji wa watu, tulikuwa tunamshawishi akatae kwao. Matairi yakafungwa, yote manne. Tukaondoka tunanguruma.

Wiki tatu tulinguruma. Kwenye murram kavu pikapu ilikuwa inadunda mpaka nyanya za chini zinakuwa supu kabla ya kufika sokoni, na wakulima wakaanza kununa. Mafuta yalikwenda kama maji ya kunawa. Baba akawa anasifu. "Mnaona inavyopanda?" anasema, tukipanda kijilima ambacho hata mwenye baiskeli anakipanda akiwa anapiga mluzi. Mama alikuwa anatazama dirishani.

Alhamisi ya wiki ya nne mvua ilitushika kwenye lami, tunateremka, Mbarara inakaribia. Mbele yetu ng'ombe wakaanza kuvuka, wale wa pembe ndefu, bila haraka yoyote duniani. Baba akakanyaga breki mapema kabisa, nataka hilo lijulikane, hakuwa dereva mbaya. Lakini yale meno yaliyotengenezwa kung'ata udongo hayakuwa na cha kung'ata. Pikapu iliteleza ubavu kama sabuni sakafuni, ikawakosa ng'ombe, ikaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia. Nyanya zote zilikwenda na maji. Mama alitoka mtaroni amemwinua Furaha juu ya kichwa, na plasta ya Furaha ilikuwa imelowa chapa, inamong'onyoka kama mkate kwenye chai.

Mpaka tunavutwa kutoka mtaroni kliniki ya Ruharo ilikuwa imefungwa, na hapo ndipo hasara yenyewe ilipoanzia. Ekseli ilipinda, gari likalala kwa fundi zaidi ya wiki mbili. Nauli ya kwenda Ruharo hatukuwa nayo, maana nauli yetu ilikuwa nyanya zile, na wakulima waliopoteza mzigo hawakuwa watu wa kuwakopa. Plasta ikabaki vipande, mama akaitoa kwa maji ya uvuguvugu. Kila asubuhi alikuwa anaushika mguu wa Furaha kwa viganja viwili, anauelekeza nje, akiuachia unajikunja taratibu, unarudi. Mimi nilikuwa nakaa pale natazama, na moyoni nilikuwa namsema baba maneno ambayo mtoto hapaswi kuyajua. Tulipofika hospitalini hatimaye, muuguzi hakutugombeza. Aliupima mguu, akaandika, akatuambia tunaanza upya, plasta ya kwanza.

Kutoka pale mama hakuuliza mtu. Alishika njia na Furaha mgongoni, moja kwa moja dukani kwa Haji, sisi nyuma yake na pikapu. Mama yangu alikuwa mwanamke wa kunyamaza, sikuwahi kumsikia akimpandishia baba sauti mbele ya watu, na hata siku ile hakuipandisha. Alimwambia, "Hayo meno, uyapeleke Lemera kwa miguu. Miye na mutoto tunakaa huku." Kisha akamwonyesha Haji matairi ya lami kwa kidevu. Haji akayachukua ya matope kama sehemu ya malipo, na naamini alijipunja kwa makusudi.

Baba alisimama mkono juu ya tairi la mwisho, na fundi wa Haji akamsubiri aliachie. Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona analia, si njiani tulipokimbia, si alipozikwa kaka yangu. Nikakasirika zaidi. Mtu mzima, analilia mpira! Nilikuwa mtoto, sikujua kwamba siku ile ndiyo baba alikuwa anaingia Uganda.

Mguu wa Furaha ulinyooka. Ulichukua muda mrefu zaidi, na mpaka leo ni mdogo kuliko wa pili, kwa hiyo tunanunua viatu vya saizi mbili. Wahudumu walishatueleza kwamba ndivyo huwa kwa watoto wengi wa namna hiyo, hata wasioruka wiki. Mimi bado nayalaumu matairi. Baba amezeeka, ana migomba nyuma ya nyumba iliyopigwa lipu, na mtu akimtajia Lemera anauliza bei ya mkungu. Hadithi hii nimeisimulia harusini na msibani, watu wanacheka, na kila mara naimalizia kwa kusema mzazi wangu alinunua matairi ya nchi ambayo gari lake halipo.

Nyani haoni kundule. Leo nami nina pikapu, kuukuu vilevile, napeleka ndizi za Isingiro Mbarara kila siku, na Jumatatu nampeleka Furaha shuleni, yuko sekondari mjini. Matairi yangu ni vipara. Yamekuwa vipara kwa miaka miwili. Mimi na mume wangu tulishahojiwa kwa safari ya Kanada, kama wakimbizi wa kuhamishiwa kule, tukapimwa afya, tukaambiwa tusubiri simu, na tangu siku hiyo sinunui kitu. Paa linavuja, nasema litawavujia watakaobaki. Nitie matairi mapya kwenye gari nitakaloliacha? Simu nalala nayo chini ya mto. Haijalia.

Jumatatu iliyopita kulikuwa na mvua. Niliwasha gari, nikapiga honi, Furaha akatoka na begi lake. Hakufungua mlango. Aliinama kwenye tairi la mbele, akapitisha kiganja pale ambapo nyuzi zimeanza kutokeza, kisha akanitazama kupitia dirisha kwa utulivu uleule wa mama.

"Dada Riziki," akasema, "mbele ya kufika Kanada, si tufike kwanza Mbarara?"

Akafunika begi lake kwa nailoni, akaenda kutafuta pikipiki.