Soli Zilizoshinda Mlangoni

Kwa miaka miwili niliswali nimekaa kwenye kiti cha plastiki, na nilikichukia kiti kile kuliko maumivu yenyewe. Maumivu yalianzia kiunoni upande wa kulia, yakateremka pajani mpaka nyuma ya goti. Nikisujudu, kuinuka ilikuwa kesi. Siku ya Idi wanawake wenzangu walisimama uwanjani bega kwa bega, mimi nikawekwa mwisho wa safu kama mzigo unaosubiri gari. Mimi, niliyezoea kubeba dumu la lita ishirini la mafuta ya alizeti bila kuomba msaada! Niliapa kwamba Idi inayofuata nitasujudu chini kama watu.

Hapa Singida mjini kila mtu ni daktari. Jirani alisema ni figo. Shemeji akasema ni upepo wa asubuhi. Mteja mmoja wa dukani kwangu, kutoka Iguguno, alinishauri nikatolewe jini, nikamuuliza ni jini gani huyo anayekaa mguu mmoja tu. Nilikunywa dawa, nilichuliwa, nikavaa mkanda wa kiuno ulionibana hadi wali ukanishinda.

Mwishowe nilikwenda hospitali, nikapelekwa kwa mtaalamu wa viungo, kijana wa umri wa kitinda mimba wangu. Aliniamkia kwa adabu, lakini mgongo wangu hakuugusa. Alinilowesha miguu kwa maji, akaniambia nitembee kwenye saruji kavu. Nikadhani ananichezea.

"Sasa geuka uangalie, mama," alisema.

Alama ya mguu wa kushoto ilikuwa na pengo upande wa ndani. Ya kulia ilijaa yote, bapa kama chapati. Alinieleza kwamba tao la wayo wangu wa kulia limeshuka. Kila nikipiga hatua mguu unalalia ndani, goti linaufuata, nyonga inapinda, na kiuno ndicho kinachoumia. Akanionyesha na kiatu changu, kisigino kimelika upande mmoja. Nilijiona mjinga. Mara tano kwa siku nilitawadha na kuacha nyayo zangu barazani, na sikuwahi kugeuka kuzitazama. Lakini nilifurahi pia, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeuona ugonjwa wangu kwa macho.

Kwa maelekezo yake, fundi viatu alinichongea soli za ndani za sponji ngumu, ya kulia ikiwa imeinuka katikati ili iushike wayo. Mtaalamu akaniongezea mazoezi ya kuinuka kwa vidole. Mwezi ukapita, maumivu yako palepale. Nilirudi kwake nimefura.

"Soli zako hazina lolote," nilimwambia.

"Pole, mama. Kwa siku unavaa viatu muda gani?"

"Kutwa nzima," nilijibu, kisha nikajishika mdomo.

Kwetu viatu vinaishia mlangoni. Mama mkwe wangu, ninayeishi naye, analinda kizingiti kile kuliko askari, na duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Naamka peku, napika peku, nasimama kaunta peku juu ya saruji mpaka jioni. Viatu navaa nikienda sokoni tu. Mwezi mzima soli zangu zilikuwa zinastarehe barazani, huku miguu inachapa kazi ndani. Nilicheka hadi yule kijana naye akacheka.

"Tafuta viatu vya ndani tu, visivyotoka nje," alisema.

Ni rahisi kusema hivyo kama humjui mama mkwe wangu. Nilimweleza jioni, akiwa anachambua mchele. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo umeteseka kwa ajili ya mlango wangu?"

"Si mlango, mama. Ni mguu."

Kesho yake alirudi kutoka sokoni na jozi ya viatu vya mikanda. Vilikuwa vipya, lakini alivisugua kwa sabuni, akavianika, akaniwekea miguuni mwenyewe.

"Hivi visitoke nje hata siku moja," alisema. "Nikiona vumbi, navitupia kuku."

Nililia mbele yake bila aibu. Nikahamishia soli humo, nikavaa tangu alfajiri hadi kulala, na mazoezi sikuyaacha. Siku moja nilitoka kitandani, nikafika jikoni, ndipo nikagundua sijashika ukuta. Kiti nikakiacha kidogokidogo: kwanza rakaa moja, kisha mbili, kisha zote za adhuhuri. Kiuno bado hunikumbusha nikizidisha kazi, lakini hakinitawali tena.

Idi ilipofika, mume wangu alibeba kiti kwa mazoea. Nilikipokea, nikaweka viatu vyangu vya nje juu yake, nikaenda kusimama katikati ya safu, kando ya mama mkwe. Niliogopa, sitadanganya. Nilirukuu, nikashuka. Paji la uso liligusa mkeka, nikazihisi changarawe za uwanja chini yake, na nikainuka kwa nguvu zangu mwenyewe. Nilitamani kupiga vigelegele papo hapo.

Swala ilipokwisha, mama mkwe alijaribu kusimama, magoti yakamkatalia. Nilikuwa nimeshasimama. Nikampa mkono wangu, nikamwinua.