Shemeji Akae Dirishani

Mpiga kinanda wa bendi huwa wa mwisho kupanda gari, maana lazima kwanza alikalishe sanduku lake kitini na kulifunga mkanda kama mtoto. Ndani yake kuna spika inayozunguka, na ndiyo inayofanya kinanda kitetemeke kama mtu anayezuia kilio. Wenzake humwita Bwana Feni. "Shemeji yetu kaamkaje?" mwimbaji humtania kila safari, akiligonga sanduku. Yeye hucheka tu, kiganja kikipapasa ubavu wa sanduku.

Kiongozi wa bendi alishasema harusi ya leo ndiyo mwisho wa kulibeba sanduku, linakula siti ya mtu. Basi katikati ya wimbo wa bibi harusi, mota inayoizungusha spika ikazima. Sauti ikawa bapa kama kandambili. Mwimbaji akageuka, roho mkononi, akamwona Bwana Feni kafungua mlango wa nyuma wa sanduku: mkono wa kulia unapiga, wa kushoto unaizungusha spika kwa kidole, taratibu, jasho likimdondoka puani. Bibi harusi akalia vizuri kabisa.

Wakati wa kuondoka, kiongozi alilibeba sanduku mwenyewe hadi garini.

"Sogeeni huko," akafoka. "Shemeji akae dirishani."