Betri ya Nadine Kwenye Buti

Miaka chungu nzima Nadine Stuckey alimwomba mumewe jambo moja, na mumewe akawa analipiga kalenda. Aitoe betri ya gari kule mbele, pembeni mwa injini, aiweke kwenye buti, upande wa kulia. Verlin alikuwa akijibu kwamba ataihamisha majira ya baridi, gari likiwa limelala. Majira ya baridi yakifika, huyo, kajinyoosha mbele ya televisheni na bakuli la bisi. Wanaume bwana!

Wala mwanamke hakuwa akiomba urembo. Katika nyumba ile dereva alikuwa Nadine. Verlin alikuwa fundi wake tu. Kila Jumamosi ya kiangazi Nadine alilipeleka gari lake la kijani, Nova, kwenye uwanja wa Pike Hollow, Indiana, kushindana robo maili, magari mawili mawili, taa ikiwaka unakanyaga. Tairi la nyuma kulia lilikuwa likiteleza wakati wa kuondoka, kwa sababu uzito wote uko mbele. Betri ni zigo. Ukilihamishia nyuma kulia, tairi linatulia chini, gari linaruka. Pale Pike Hollow hata wauza soseji wanalijua hilo.

Mwezi wa tatu Nadine akafariki. Moyo, asubuhi, jikoni, mayai yakiwa kwenye kikaango.

Verlin hakulia. Wala hakuwa amejikaza, hakikuja kitu. Alikufa ganzi, kama taya lililochomwa sindano na daktari wa meno: unajua lipo, ila hulisikii. Watu wa kanisani walimletea viazi vya kuoka na jibini, akavila bila kuonja ladha, akaosha mabakuli, akayarudisha. Akiulizwa hali, yuko sawa. Akipewa msaada, hauhitaji. Na simu ikilia, mtu asiye na habari akimtaka Nadine, Verlin alijibu, "Hayupo sasa hivi," akakata. Binti yao Rhonda alimsikia siku moja, akatoka nje.

Kisha ikatangazwa kwamba uwanja umeuzwa, panajengwa maghala, na mashindano ya mwisho ni Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Rhonda akamwambia baba yake anataka kuliendesha gari la mama siku hiyo, na betri iwe nyuma, kama mama alivyotaka. Ikipita siku hiyo, ndiyo basi tena. Verlin akasema sawa, kama mtu aliyeagizwa maziwa dukani.

Akaingia gereji. Kichwa hakikuwapo, mikono ndiyo iliyofanya kazi. Ilifunga sanduku la betri kwenye buti, ikapitisha waya mnene chini ya sakafu mpaka mbele, ikaweka swichi kwa nje, nyuma ya gari. Swichi hiyo ni sheria: ukishahamisha betri, lazima mtu yeyote aliyesimama nje aweze kuisukuma na gari zima lizimike, maana likipinduka na kushika moto hakuna wa kuingia ndani kutafuta ufunguo. Juu ya swichi Verlin akaandika kwa mkono, herufi zimepinda: SUKUMA KUZIMA.

Jumamosi wakapanga foleni ya ukaguzi. Mkaguzi alikuwa Harlan, rafiki wa Verlin tangu ujana, mtu wa matani lakini kwenye sheria hana undugu. Akamwambia Rhonda awashe, akazunguka nyuma, akasukuma swichi.

Injini ikaendelea kunguruma.

Akaivuta, akaisukuma tena. Wapi! Kwenye foleni kuna aliyecheka. Harlan akainama ndani ya buti, akafuata nyaya kwa kidole, akainuka polepole.

"Verlin, betri umeikata. Injini ndiyo haina habari."

Lilikuwa kosa la mwanafunzi. Waya wa alteneta, ile mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, aliuacha mbele kule kule, upande wa injini, badala ya kuuleta nyuma kwenye betri. Kwa hiyo betri ikikatwa, alteneta inailisha injini, na gari linakwenda kama vile hakuna kilichotokea.

Verlin alilitazama gari likitetemeka pale pale.

"Litakwenda hivyo mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka mafuta yaishe," Harlan akajibu. "Siwezi kulipitisha, ndugu yangu. Nafunga saa sita."

Rhonda alizima kwa ufunguo, akashuka, macho yamemwiva. Verlin akageuka, akawatazama watu wa foleni, wale wale aliokuwa akiwaambia yuko sawa.

"Nani ana waya mnene?" akasema. "Naomba mnisaidie."

Walivyokuja sasa! Huyu na waya, yule na koleo, mwingine keshalala chini ya gari kabla hajaambiwa. Waliupitisha waya mpaka nyuma, wakaufunga kwenye betri, Rhonda akawasha. Harlan alinyoosha mkono kwenye swichi, kisha akaurudisha.

"Sukuma mwenyewe," akasema.

Verlin akasukuma. Nova likakata sauti papo hapo. Kimya kilichofuata kilimkuta mkono ungali juu ya swichi, na hakuweza kuuondoa. Rhonda akaja kumwuliza kama wamepita.

"Mama yako amekufa, Rhonda," akasema.

"Najua, baba."

"Amekufa."

Hapo ndipo alipolia, ameegemea buti, mbele ya foleni nzima, kwa sauti. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Harlan alibandika karatasi ya kupita kwenye kioo, akaenda kukagua gari lililofuata.

Alasiri Rhonda aliondoka na taa ya kijani, na tairi la kulia halikuteleza hata kidogo.