Spika Waliyosema Nimeiharibu

Mpaka leo, nikikumbuka nilivyosingiziwa kwa ajili ya spika moja ya kwaya, moyo unanichemka.

Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko la Sumbawanga, kazi niliyofundishwa na baba yangu. Ilikuwa enzi za ruksa. Maduka yalikuwa yameanza kujaa vitu vya nje, na chochote kilichong'aa watu walikiita bora. Mwenyekiti wa kwaya moja ya upande wa Mollo akaniletea spika yao ya zamani. Panya walikuwa wametafuna koni yake ya karatasi, ile inayotetemeka na kutoa sauti.

"Shikamoo, baba. Hii inapona," nikamwambia.

"Marahaba. Lakini karatasi, binti yangu? Dukani kuna za plastiki. Panya hawazili, unyevu hauziozeshi."

Kuhusu unyevu sikumbishia, alisema kweli. Nikamweleza kwamba karatasi ni nyepesi na imekakamaa, inafuata sauti ya mtu vizuri, lakini plastiki zile za dukani zilikuwa nzito na ukingo wake ni sponji tupu. Akacheka. Akaniachia ile mbovu, akaenda kununua mpya, akaniomba niifunge kwenye lile boksi lao la mbao la spika. Nikaifunga.

Haikumaliza mwaka. Alirudi na wanakwaya wawili, kakunja uso. Spika ilikuwa imewakoromea harusini mbele za watu. Mwenye duka naye alikuwa amewaambia kwamba nimeiharibu mimi, tena nimechomoa sumaku yake nzuri nikapachika mbovu.

"Mwanamke na spika, wapi na wapi," mmoja wao akasema.

Nilibeba boksi mpaka dukani, wao nyuma yangu, nikalifungua juu ya kaunta mbele ya wateja. Koni ilikuwa nzima, inang'aa kama siku ya kwanza. Lakini sponji niliigusa tu, ikamong'onyoka vidoleni. Upande wa pili gundi ilikuwa imebanduka, maana plastiki ile haishiki gundi.

"Sumaku niliyoiba ni ipi?" nikamuuliza mwenye duka. "Hii si ndiyo ina maandishi sawa na hizo za kwenye shelfu?"

"Mama, usiniharibie biashara," akasema. Mwenyekiti akatazama chini.

Ile ya zamani nilikuwa nimeshaiziba kwa karatasi laini na gundi, tabaka kwa tabaka. Tulipoijaribu kibandani kwa kanda ya kwaya yao, sauti za kina mama zilitoka safi, hata neno moja halikupotea.

"Basi, tufungie hiyo," mwenyekiti akasema.

Hakuna aliyeniomba radhi. Niliwafungia, wakaondoka nayo. Za plastiki ziliendelea kupangwa dukani, na wiki iliyofuata nikamkuta mgeni kutoka Chala anaipapasa mojawapo. Nikaingia, nikamwambia yule mgeni, mwenye duka akisikia: "Baba, hiyo ni ya kung'aa tu."