Siku Nilipogonga Sindano Mara Tatu

Siyaelezi haya kwa kupenda. Nayaeleza kwa sababu katika avenyu yetu ya Kabondo hata kuku wanayajua, na ni afadhali myasikie kwangu, mimi ambaye nitaruka sehemu mbili tatu za aibu, kuliko kwa mama muuza kwanga, mikate ya muhogo, wa pale pembeni, ambaye kila akisimulia anaongeza.

Wakati ule darasani waliniita Enjenia. Jina nilijipa mwenyewe, lakini waliliitikia, na hilo ndilo la maana. Nilikuwa nimetengeneza redio moja iliyokufa (kwa kweli niligeuza betri moja iliyowekwa kichwa chini, lakini niliigeuza kwa uso wa mtu anayefikiri sana), na toka siku hiyo kila chenye waya kikiugua mtaani kililetwa kwangu.

Ndipo akaja Amisi, mtoto wa jirani yetu Papa Musa, wakati huo ana miaka kumi na tatu na hajui lolote kuhusu muziki isipokuwa kwamba anaupenda. Kaka yake, baharia wa meli za Kinshasa, alikuwa amemletea mashine ya santuri, ile ndogo ya bei nafuu inayofungwa kama sanduku la safari, mfuniko wake ndio spika. Alikuwa na santuri nne na tatizo moja: mashine iliimba kama mbu aliyefungiwa ndani ya kopo. Na tatizo lilikuwa na tarehe, kwa sababu Jumapili ile wakwe walikuwa wanatoka Kindu kuleta mahari ya dada yake Zaina. Papa Musa, ambaye hakuipenda mashine toka siku ilipoanza kula betri za tochi yake, alikuwa amesema neno moja tu: "Dimanche iimbe vizuri. Ikiniletea haya mbele ya bakwe, lundi naipeleka soko." Lundi ndiyo Jumatatu, kesho yake.

Amisi aliniambia hayo akiwa ameikumbatia mashine kifuani kama mtoto mgonjwa. Nikamwambia aiweke chini, daktari amefika.

Kwanza niliweka sarafu juu ya mkono wa sindano ili usirukeruke. Pili nikaiketisha mashine juu ya kifuko cha mchele isitikisike. Tatu niliitoa spika kwenye mfuniko na kuitia mdomoni mwa chungu cha mama yake, ili sauti ipate tumbo. Nilimweleza kila hatua kwa kirefu, na yeye akaandika katika daftari la hesabu (daftari hilo bado analo, na akitaka kunichokoza analisoma kwa sauti). Baada ya kazi hiyo yote tukasikiliza. Sasa ilikuwa mbu ndani ya chungu.

Mtu mwenye akili angesema hapo, ndugu yangu, sijui. Mimi niliinua macho, nikaliona paa la nyumba yetu.

Juu ya paa letu kulikuwa na tarumbeta la kipaza sauti. Naishi kwa Tonton Bofando, kaka wa mama yangu, na Tonton ndiye alikuwa mtu wa chama katika mtaa, kwa hiyo tarumbeta lilikaa juu ya paa lake, na mashine ya kulipatia nguvu ilikaa chumbani mwake karibu na dirisha, imefunikwa kitambaa cha meza na kulishwa na betri ya gari. Kila Jumamosi asubuhi Tonton aliishika mikro na kuigonga kwa ukucha mara tatu, ko, ko, ko. Zamani alikuwa anaongeza maneno. Siku hizi alikuwa ameacha, hapakuwa na haja. Mara tatu maana yake salongo: toka na jembe lako, toka na ufagio wako, safisha mtaa, na asiyetoka analala kwenye chumba chenye kufuli. Watoto wa avenyu yetu walijua kuhesabu hadi tatu kabla ya kujua majina yao.

Mimi nilikuwa nimezaliwa pale. Nilijua yote hayo. Nataka mlikumbuke hilo.

Jumapili yenyewe, saa saba mchana, Tonton alikuwa amealikwa kula samaki kwa rafiki yake, avenyu ya pili. Nikapitisha waya chini ya ua, kutoka mashine ya Amisi hadi dirishani kwa Tonton, nikachomoa mikro, nikaunganisha. Amisi akaniuliza, je, Tonton akirudi? Nikamjibu hivi, na yeye ni shahidi: "Fundi haombi ruhusa. Fundi anaunganisha."

Sasa, kila fundi anajua kwamba kabla ya kuweka santuri unaijaribu sindano kwa ncha ya kidole. Unaigusa, unasikia ko, unajua njia iko wazi. Niligusa. KO, na njiwa wa kanisa wakaruka wote. Sauti ilikuwa nene na nzuri, mbu amekufa kabisa, nikagusa ya pili kwa raha tu. Ya tatu niligusa ili Amisi aone kidole kinavyowekwa.

Mahali fulani mfuniko wa sufuria ukaanguka. Halafu milango.

Wa kwanza alikuwa Mama Asha, jirani wa upande wa pili, na kitambaa chake cha kutokea na jembe begani. Nyuma yake wakaja waimbaji wa kwaya, wengine vitabu vya nyimbo mkono mmoja na ufagio mkono wa pili. Salongo ya Jumapili haijawahi kuonekana, kwa hiyo wenyewe wakaitafutia sababu: mmoja akasema kuna mkubwa anatua uwanja wa ndege, wa pili akasema si mkubwa, ni mkubwa wake, na kadiri watu walivyozidi ndivyo mgeni alivyopanda cheo, mpaka walipofika mtaroni alikuwa amefika cheo ambacho hakitamkwi bila kusimama wima.

Nikajisemea, Tonton akija atauliza nani kagonga, na mambo yataishia hapo, mgongoni mwangu. Tonton akaja mbio, bado ana mwiba wa samaki mkononi. Akasimama. Akawatazama watu wanaochimba, akalitazama tarumbeta lake, na nikamwona akifikiri. Kama amri imetoka juu na yeye hakuisikia, amekwisha. Basi akafunga abakosi yake, lile koti la watu wa chama, mpaka kifungo cha shingoni, akawaambia raia kwa sauti ya mtu aliyekuwa anajua toka jana, "Basitwayen, ule mutaro munauachia nani?"

Toka hapo hapakuwa na njia ya kurudi. Papa Musa naye alikuwa ameingia mtaroni na kiuno chake kibovu, kwani mtaro unapita mbele ya mlango wake na ndio uliokuwa mchafu kuliko yote.

Na wakwe wakafika.

Pale pembeni vijana wa chama walikuwa wamesimama na filimbi, kila anayepita wanampa chombo. Akatokea Mzee Sefu, baba mdogo wa bwana harusi, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, mbuzi wawili kwenye kamba, wanawake watatu na mafurushi. Wakampokea mbuzi, wakampa sepetu. Nasikia aliuliza nani anakuja, wakamwambia mkubwa, basi akakunja kanzu bila neno la pili, kwani mtu aliyeishi miaka mingi anajua swali gani si la kuuliza. Papa Musa alisikia mtu akikohoa kando yake mtaroni, akainua kichwa. Walisalimiana kwa adabu zote, kila mmoja matope magotini, wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za meli hadi Ubundu na za garimoshi, na hakuna aliyeacha kuchimba.

Amisi akanigeukia. Hakulia. Alisema, "Enjenia, sema weye. Ama nitasema mie."

Akaanza kwenda kwa Tonton. Nikampita njiani. Msidhani ni ushujaa, niliogopa tu kwamba ataeleza vibaya. Nikamnong'oneza Tonton yote: waya, kidole, mara tatu. Aliendelea kuutazama mtaro.

"Nani mwingine anajua?"

"Amisi peke yake."

"Bon. Na mukubwa gani anakuja?"

"Hakuna, Tonton."

Akalifuta jasho usoni kwa kidole. "Alors, basi, amekwisha kupita," akasema.

Basi akapanda juu ya kiti na kuwatangazia kwamba mgeni amekwisha kupita, ameridhika, anawashukuru. Watu wakapiga makofi (Mama Asha mpaka leo anasema aliliona gari). Halafu Tonton akanigeukia: mkutano unafungwa kwa muziki, basi weka.

Nikaweka. Kumbe mbu hakuwa amekufa, alikuwa amekua. Kutoka juu ya paa letu lilitoka jambo kama bati linaloburutwa juu ya mawe, na ndani yake, mbali, mtu akiimba kwa uchungu. Wanakwaya wakaziba masikio. Mbuzi mmoja akakata kamba. Nikaona Papa Musa akitoka mtaroni polepole, akija kwenye mashine, na Amisi akaikumbatia kama siku ile ya kwanza, na muziki ungali unalia.

Lakini Mzee Sefu alifika kabla yake. Akaomba kuona. Akapiga magoti na kanzu yake ya matope, akauinua mkono wa mashine, akaondoa sarafu yangu na kunirudishia kiganjani, kisha kwa ukucha wa kidole gumba akageuza kitu kidogo pembeni ya sindano, kijiti ambacho mimi nilidhani ni cha urembo. Akaushusha mkono. Muziki ukatoka safi, gitaa moja moja, kama maji.

"Sindano iko na pande mbili," akamwambia Amisi, mimi hakuniangalia. "Moja ya madiski ya leo, moja ya zile nzito za zamani. Mulikuwa munasomesha ya zamani. Mashine haikuwa na ugonjwa." Halafu akauliza, bila hasira, fundi ni nani.

Avenyu nzima ikanigeukia. Mimi nikamtazama mbuzi.

Papa Musa akafungua mdomo, neno lundi likatoka, soko halikuwahi. Mzee Sefu aliinua mkono. "Ndugu yangu, zamani kwetu anayetaka binti alilima kwanza shamba la mukwe. Mie nimelima. Mbuzi moja atarudi na mie Kindu. Mashine ibaki na mutoto."

Papa Musa alitazama mtaro uliong'aa, akatazama magoti yake mwenyewe, akakubali. Zaina aliolewa, asante Mungu, ila kwa upungufu wa mbuzi mmoja ambao katika ukoo ule una jina langu. Tonton alinihukumu kuusafisha mtaro huo peke yangu kila Jumamosi kabla ya salongo, mpaka mitihani. Papa Musa hajanisema hata leo. Akiniona tu analia kama mbuzi, taratibu, bila kucheka, halafu anaendelea na safari yake.

Amisi sasa ana santuri kumi na moja, na Enjenia ni yeye. Mimi nimeapa mbele ya mama yangu: kijiti nitakigeuza kwanza, na sindano nitaigonga mara mbili tu. Ya tatu sigongi hata nikilipwa. Na hata hivyo, kila nikigonga ya pili, namsikia Mama Asha upande wa pili wa ua akisogeza kiti, anatafuta jembe.