Namba Iliyosema Niko Mombasa

Mimi ni mtu wa ndani. Kwenda Bondeni, mtaa wa jirani tu, kununua uzi, kwangu ni safari ya kuaga watu. Kwa hivyo kompyuta ilipoingia nyumbani kwetu Mji wa Kale, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilifurahi kuliko kaka yangu aliyeinunua: sasa ningezurura bila kuvaa buibui.

Mwaka huo mdogo wangu alikuwa ameposwa na kijana afanyaye kazi Dubai. Kwetu mposaji huulizwa habari zake, lakini kwa siri. Upande wa pili wakisikia, ni matusi, na posa huvunjika. Huko Dubai hatukuwa na wa kumuuliza. Nikaingia kwenye ukumbi wa gumzo wa watu wa pwani walio ng'ambo, nikajifanya bwana mmoja wa Maskati, nikalitaja jina la kijana na kuuliza kama ana mke.

Mtu mmoja akajibu. "Maskati gani, bwana? Anwani yako ya IP ni ya Mombasa."

Sikujua hicho ni kitu gani. Akanieleza kwa upole wa daktari: kila kompyuta ikiingia mtandaoni ina namba yake, na ajuaye kuitazama aona imetokea wapi. "Na mimi ni mtoto wa hapo hapo. Nyumba zenye mtandao Mji wa Kale zahesabika."

Nikamwandikia kwamba namba imekosea.

"Haya, yamekwisha," akasema. "Hamjambo lakini? Watoto? Na mama, miguu yaendeleaje?"

"Alhamdulillahi, leo afadhali," nikajibu.

Ndivyo nilivyolelewa: ukisalimiwa, waitika. Ile namba ilimfikisha Mombasa tu. Kutoka hapo hadi mlangoni kwetu nilimshika mkono mwenyewe, kwa miguu ya mama ambayo mtaa mzima waijua.

"Nilidhani ni nyinyi," akaandika. "Mke anaye, na mtoto wa miaka miwili."

Nikang'oa waya wa simu ukutani, nikaenda kumwambia mdogo wangu.

"Nani kakwambia?"

"Simjui."

"Yeye akujua?"

"Yeye anijua."

"Hongera. Miaka yote wajificha ndani, sasa wajulikana hadi Dubai. Na akiwapelekea wenyewe habari kwamba twawachunguza?"

Siku tatu, kila mlango ukibishwa, nilikimbilia jikoni.

Ijumaa baada ya sala, shangazi wa mposaji akaja bila taarifa. Nikajua nimekwisha. Lakini akanywa kahawa, akasifu vileja, akaanza kutaja mwezi wa harusi. Mama, ambaye hatukuwa tumemwambia kitu, uso ukamchanua. Mdogo wangu, ambaye kwa desturi hakupaswa hata kuonekana, akaingia, akampa mkono, akaketi.

"Shangazi, yule mke wa Dubai naye atakuja harusini?"

Shangazi akakiweka kikombe chini taratibu, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani aliyewaambia?"

Mama alimngoja aseme kwamba ni uongo. Sote tulimngoja.